Kabla Kifua Hakijafungwa: Eko ya Umioni kwa Watoto Wadogo Sana

Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini anayezaliwa na tundu kubwa moyoni hufanyiwa upasuaji mbali na kwao. Safari ya kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 800. Hupita Makambako na Iringa, hushuka Kitonga, hukatiza Mikumi na Morogoro, na mama aliyempakata mtoto anayehema kwa shida huimaliza akiwa hoi. Upasuaji ukienda vizuri, safari hiyohiyo hurudiwa, na kuanzia hapo mtoto huwa mikononi mwetu sisi tunaofanya kazi huku. Ndiyo maana mimi, daktari wa watoto ninayepima eko Mbeya na kuandika barua za rufaa, ninajali sana jambo linalofanyika katika chumba ambacho sina kazi ndani yake. Ninazungumzia zile dakika ambazo moyo umekwisha kushonwa na umeanza kupiga tena, kifua bado kiko wazi, na mtu mmoja anautazama kutokea ndani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Kasoro iliyobaki moyoni ikionekana katika dakika hizo, inaweza kurekebishwa siku hiyohiyo, na timu ileile, chini ya usingizi uleule. Ikionekana miezi mitatu baadaye kwenye kliniki yetu, maana yake ni barua mpya, safari mpya, kifua kilichoota makovu, na mara nyingi familia ambayo imekwisha kuuza kilichokuwa cha kuuzwa. Kwa mtoto anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali ya moyo, uchunguzi huo ni muhimu. Kwa mtoto wa Tukuyu au Makete, ninaamini ni sehemu ya upasuaji wenyewe, sawa na uzi na kiraka.

Eko ni picha inayotengenezwa na mwangwi wa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo hupita vizuri katika damu na nyama, lakini hukwama kwenye hewa na hudhoofika kwenye mfupa. Eko ya kawaida hupimwa kwa kuweka proba, kifaa kinachotoa sauti hiyo na kupokea mwangwi wake, juu ya kifua, nasi hutafuta upenyo kati ya mbavu na mapafu. Kifua kikishapasuliwa, upenyo huo haupo tena, kwa sababu mahali pa proba pamekuwa uwanja wa daktari mpasuaji ambao hautakiwi kuguswa na kitu kisichotakaswa. Umio, kwa upande mwingine, hupita nyuma kabisa ya moyo, ukiwa umeegemeana na chemba ya juu ya kushoto, bila mfupa na bila pafu katikati. Proba ikikaa hapo huwa jirani kabisa na moyo, kwa hiyo inaweza kutumia mawimbi ya masafa makubwa, yanayotoa picha yenye undani zaidi. Kwa megahezi 7, yaani mitetemo milioni saba kwa sekunde, urefu wa wimbi moja ndani ya mwili ni takriban milimita 0.22. Undani huo ndio unaohitajika kwa moyo ambao wote kwa jumla unalingana na ngumi ya mwenyewe, nayo ni ngumi ya mtoto wa kilo tatu.

Wazo la kupitia umioni si jipya. Lee Frazin na wenzake wa Chicago walilichapisha mwaka 1976, wakitumia proba iliyoweza kutoa mstari mmoja tu wa mwangwi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja proba zenye safu ya vihisi iliyotoa picha kamili inayotembea. Watu wazima walifaidika mapema. Watoto walisubiri, na wachanga walisubiri zaidi, kwa sababu kichwa cha proba ya mtu mzima hakipiti mahali ambapo mtoto mchanga hupitisha maziwa. Proba za kwanza za watoto zilionyesha moyo katika mkato mmoja tu wa mlalo. Mtu aliyewahi kutafuta tundu dogo pembeni ya kiraka anafahamu upungufu wa mkato mmoja, maana damu inayovuja haichagui kutoka upande unaotazamwa. Baadaye zilipatikana proba ambazo mkato wake huzungushwa kutoka nyuzi 0 hadi 180 bila kuisogeza proba yenyewe, na hatimaye ikatengenezwa iliyo ndogo kuliko zote hizo. Kichwa chake kina upana wa milimita 7.5 na kina cha milimita 5.5, shina lake lina unene wa milimita 5.2, ambao ni mwembamba kuliko kalamu ya risasi, na vihisi vyake ni 32. Hiyo hutajwa kwa ajili ya watoto wa kuanzia kilo 2.5, na madaktari wa Charleston nchini Marekani walichapisha mwaka 2010 uzoefu wao wa mwanzo wa kuitumia kwa watoto wadogo wanaofanyiwa upasuaji wa moyo. Tangu hapo imeingizwa, kwa uangalifu mkubwa, hata kwa watoto walio chini ya uzito huo.

Udogo, huku kwetu, una sura mbili. Wa kwanza ni wa mtoto aliyezaliwa juzi, pengine kabla ya siku zake, mwenye kasoro isiyoweza kusubiri. Wa pili ni wa mtoto aliyepaswa kuwa mkubwa lakini moyo wake ulimnyima kukua. Mtoto mwenye tundu kubwa kati ya chemba mbili za chini mara nyingi huonekana mzima siku za kwanza, kwa kuwa mishipa ya mapafu yake bado imekaza kama ilivyokuwa tumboni. Mishipa hiyo inapolegea, kwa kawaida katika wiki za mwanzo za maisha, damu humiminika kupitia tundu kwenda mapafuni, na hapo ndipo dalili huanza. Mtoto hutoka jasho kichwani anaponyonya, huachia ziwa ili apumue, na mstari wake kwenye kadi ya kliniki hulala badala ya kupanda. Mara nyingi hutibiwa nimonia kwanza, na nimonia kweli humpata, mara moja na mara nyingine tena. Anapofikishwa kwenye mashine ya eko anaweza kuwa na miezi minne na uzito wa kilo tatu na nusu. Kwa daktari wa usingizi, mtoto huyu naye ni mdogo sana, tena amedhoofika, na umio wake ni wa uzito wake, si wa miezi yake.

Bibi mmoja kutoka upande wa Rungwe, aliyekuja na binti yake na mjukuu, alinisikiliza nikieleza yote haya, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu. "Daktari, hicho kimpira watakachomwingiza kooni, hakitamziba pumzi mjukuu wangu?" Nilimjibu, "Bibi, hilo ndilo jambo la kwanza wao wenyewe hulichunga." Akaitikia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, lakini niliona kwamba jibu fupi halikumtosha, na halikupaswa kumtosha.

Jibu refu ni hili. Koromeo la hewa la mtoto mchanga lina kipenyo cha milimita nne au tano hivi, kuta zake bado ni laini, na liko mbele kabisa ya umio. Proba ikijaza umio inaweza kulibonyeza kutoka nyuma, na mashine ya kupumulia ikaanza kusukuma hewa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Inaweza kuusogeza mrija wa kupumulia, ambao kwa mtoto wa namna hii huwa na nafasi ndogo mno kati ya kukaa vizuri, kuzama upande mmoja wa pafu na kuchomoka. Inaweza kubonyeza chemba ya juu ya kushoto yenyewe, au mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni, au aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, pale inaposhuka nyuma ya kifua, na shinikizo la damu likaanguka bila mtu kupoteza hata tone la damu. Ukuta wa umio unaweza kuchubuka, na mara chache sana kutoboka. Katika taarifa za hospitali kubwa za nje, matatizo hutokea kwa mtoto mmoja hadi watatu hivi katika kila mia, mengi yakiwa madogo na yakiisha mara tu proba inapovutwa. Hata hivyo takwimu hizo zinachanganya watoto wa kila ukubwa, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo nafasi ya kukosea inavyopungua.

Kwa hiyo kazi hufanywa kwa utaratibu ambao ningependa kila mzazi aujue. Mtoto hulazwa usingizi na kuwekewa mrija wa kupumulia kwanza, ukafungwa imara. Tumbo huondolewa hewa na majimaji, kwa sababu hewa huharibu picha. Proba hupakwa jeli na kupitishwa polepole taya likiwa limeinuliwa mbele, na ikikataa kupita, haisukumwi; wengine hujaribu mara moja tena kwa kutazama koo moja kwa moja, na ikikataa tena huacha. Macho ya daktari wa usingizi wakati huo hayako kwenye picha ya moyo, bali kwenye shinikizo la njia ya hewa, oksijeni na mstari wa shinikizo la damu kutoka kwenye ateri. Kimoja kikibadilika, proba hurudishwa nyuma kwanza, na maswali huulizwa baadaye. Wakati mtoto yuko kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, proba huachwa wima bila kukunjwa, na picha huzimwa ili kichwa chake kisipashe moto ukuta wa umio. Mtoto ambaye umio wake una kasoro ya kuzaliwa, ama umekatika ama umeungana na njia ya hewa, haingizwi proba kabisa.

Sasa, kinatafutwa nini? Kabla ya upasuaji, kinachotafutwa ni uthibitisho. Eko iliyopimwa wodini, mtoto akilia na kujirusha, inaweza kukosa tundu la pili au vali (mlango wa damu moyoni) iliyopinda, na mpasuaji anastahili kujua hilo kabla ya kuushika moyo. Baada ya upasuaji, jambo la kwanza ni hewa. Moyo uliofunguliwa huingia hewa, nayo huonekana kama chembe nyeupe zinazorukaruka upande wa kushoto. Ikiachwa hupanda kwenda ateri ya moyo ya kulia, ambayo mdomo wake uko juu mtoto akiwa amelala chali, na moyo ukalegea ghafla kwa sababu isiyohusiana na ushonaji. Jambo la pili ni nguvu ya misuli. Jambo la tatu, ambalo ndilo linalonigusa mimi niliye mbali, ni mabaki.

Mabaki hupimwa kwa Dopla, ambayo hupaka rangi damu inayokwenda na kupima kasi yake. Hesabu yake ni fupi na imekuwa rafiki yangu wa kila siku: kasi kwa mita katika sekunde, ijizidishe yenyewe, kisha zidisha kwa nne, nawe umepata tofauti ya shinikizo kwa milimita za zebaki. Damu ikipita kwenye njia iliyobana kwa mita 3 kwa sekunde, tofauti ni 36. Ikipita kwa mita 4, ni 64. Katika Tetralojia ya Fallot, kasoro ya kuzaliwa ya moyo ambamo mpasuaji huziba tundu na kupanua njia ya kwenda mapafuni, tofauti hizo mbili zinaweza kuamua kama mtoto anarudishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu au anafungwa kifua. Hata hapo busara inahitajika, kwa maana dawa za kuchochea moyo hukaza misuli ya njia hiyo kwa muda, na kizuizi kinachoonekana kikubwa saa ya kwanza kinaweza kulegea chenyewe dawa zikipunguzwa.

Upande wa matundu, kuna uelewano mpana kwamba tundu lililobaki la milimita mbili hivi pembeni ya kiraka kwa kawaida huvumiliwa, na mengi hujiziba. Lililofika milimita nne mara nyingi ni sababu ya kurudi kulirekebisha papo hapo. Na lililo katikati hupimwa pamoja na oksijeni ya damu iliyochukuliwa pande zote mbili za moyo. Vali ni ngumu zaidi. Watoto wenye hali ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi huwa na vali moja ya pamoja ambayo mpasuaji huigawa kuwa mbili, na uvujaji wa vali ya kushoto baada ya hapo ndio unaoamua mengi katika maisha yao. Lakini mtoto aliye usingizini ana shinikizo la chini, na vali inayovuja chini ya shinikizo la chini huonekana njema kuliko ilivyo. Mpimaji mzuri humwomba daktari wa usingizi alipandishe shinikizo hadi lile la mtoto aliye macho, ndipo atoe hukumu. Ninawaheshimu sana wanaofanya hivyo, kwa sababu wakati huo kila mtu chumbani amechoka na anatamani kusikia kwamba kazi imekwisha.

Je, hukumu hiyo hubadilisha jambo? Taarifa zilizochapishwa hutofautiana kulingana na aina ya upasuaji, lakini kwa ujumla kati ya watoto watatu na kumi na watano katika kila mia hurudishwa kwenye mashine kwa sababu ya kilichoonekana. Ross Ungerleider na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia 1990, kwamba wagonjwa wanaotoka chumba cha upasuaji wakiwa na mabaki makubwa hurudi kupasuliwa na hufariki zaidi kuliko wanaotoka bila mabaki. Lakini kurudi kwenye mashine nako kuna gharama. Mtoto wa kilo 2.5 ana damu isiyozidi robo lita mwilini mwake, na kila dakika ya ziada kwenye mashine huidhuru zaidi damu hiyo, figo na ubongo. Sikubaliani, kwa hiyo, na wanaodhani kwamba picha nzuri daima huleta uamuzi mzuri. Anayetazama lazima awe na ujasiri wa kusema "rudini", na awe na ujasiri uleule wa kusema "hili tuliache".

Yako pia mambo ambayo eko ya umioni haiyaoni. Njia ya hewa, ikiwa na hewa ndani yake, hukaa kati ya umio na sehemu ya juu ya aota, kwa hiyo upinde wa aota na tawi la kushoto la ateri ya mapafu huonekana kwa shida. Mtoto aliyetanuliwa sehemu iliyobana ya aota hawezi kuhakikishiwa vyema kwa njia hii.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha katika nchi kama yetu, ambako upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama kama taasisi mwaka 2015. Kukosekana kwa proba ndogo kuliko zote si sababu ya kufunga kifua bila kutazama. Proba ya kawaida ya watoto, ile ile ya juu ya kifua, inaweza kuvishwa mfuko uliotakaswa wenye jeli ndani yake, na mpasuaji mwenyewe akaiweka juu ya moyo unaopiga huku mwenzake akisoma picha. Kazi ya Duke niliyoitaja ilifanywa kwa njia hiyo. Njia hiyo ina kasoro zake: mpasuaji lazima asimamishe kazi, mkono mzito hubonyeza moyo na kushusha shinikizo, na muda wa kutazama ni mfupi. Hata hivyo haiingii umioni, haigusi njia ya hewa, huonyesha vizuri sehemu za mbele ambazo umio hauzifikii, na kwa mtoto wa kilo mbili inaweza kuwa salama kuliko proba inayopita kwa kubana. Mwongozo wa watoto uliotolewa mwaka 2019 na American Society of Echocardiography, chama cha wataalamu wa eko cha Marekani, unauhimiza uchunguzi wa umioni, lakini haumlazimishi mtu kuingiza proba mahali isipopita. Mimi ningechagua mpimaji hodari mwenye proba ya kawaida juu ya moyo, kuliko proba ya kisasa mikononi mwa mtu anayeshikilia mambo matatu kwa wakati mmoja.

Sehemu yetu sisi tulioko Mbeya, Iringa na Njombe huanza na barua. Barua ya rufaa inayosema "tundu kwenye moyo" haimsaidii atakayeingiza proba. Aandikiwe uzito wa siku ile, siyo wa mwezi uliopita. Aandikiwe kama mtoto alizaliwa kabla ya siku, kama alibanwa na maziwa mara kwa mara, kama mrija wa kulishia ulipita kwa urahisi au ulikwama, kama amewahi kutapika damu. Mrija wa kulishia uliokataa kupita wodini kwetu ni habari ambayo inaweza kumwepusha mtoto na madhara chumbani kwao, na haigharimu chochote kuiandika.

Halafu huja barua ya kurudi, na hili ndilo ombi langu kwa wenzetu wanaopasua. Mara nyingi mtoto hurudi na karatasi inayosema kwamba tundu limezibwa na mgonjwa aendelee na kliniki. Tungehitaji matokeo ya eko ya mwisho iliyopimwa kabla kifua hakijafungwa: kama palibaki tundu, liko upande gani wa kiraka na lina milimita ngapi, vali inavuja kiasi gani na ilipimwa kwa shinikizo gani la damu, kasi katika njia ya mapafu, na picha mbili tatu kwenye simu ya mzazi. Mtoto akija kliniki mwezi wa sita baada ya upasuaji nami nikaona tundu la milimita tatu pembeni ya kiraka, hatua inayofuata hutegemea karatasi hiyo. Kama tundu lilikuwapo tangu siku ya upasuaji na halijakua, nitampa mama tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Kama halikuwapo, mshono umeachia, na mtoto huyo anatakiwa awe njiani kwenda Dar es Salaam wiki hiyohiyo.